Beseni la Wakosaji Wote

Padri akifika pale pa kujipiga kifua, mikono yangu inabaki juu ya mkoba. Wanaokaa nami benchi moja wameshanizoea, ila wageni hugeuka wakanitazama kana kwamba nimetema mate ndani ya kanisa. Watazame tu. Dhambi ninazo, tena tele, na nazijua moja moja kwa sura zake. Nikienda kuungama napiga magoti na kuitaja kila moja ilivyo, siizungushi. Ninachokataa ni lile rundo moja kubwa ambapo kila mtu anatupa lake, halafu tunajipiga kifua wote kwa pamoja, na mwishowe haijulikani nani alitupa nini. Juzi mtoto wa mdogo wangu, aliyesoma sana mambo ya dini, kaniambia nina kiburi mbele za Mungu. Kiburi, mimi. Basi akae chini asikilize, maana habari hii ni ya babu yake, na hajawahi kuisikia kwa sababu waliomlea walitaka amani.

Tulikuwa tunakaa kambini, hapa hapa Lubumbashi, katika nyumba za matofali za kampuni. Bomba kubwa la moshi wa kiwanda lilikuwa karibu, na upepo ukigeukia kwetu akina mama walikimbia kuanua nguo, kwa sababu ule moshi ulikuwa unawasha koo na kuharibu rangi. Baba alifanya kazi upande wa kupakia. Shaba ikishayeyushwa na kupoa, vipande vyake vizito vilinyanyuliwa kwa palani, yaani mashine ya kuinulia mizigo kwa mnyororo, vikawekwa juu ya mabehewa ya kwenda Sakania na kuvuka mpaka. Kazi ilikuwa ngumu lakini ilitupa nyumba, shule, unga wa bukari, ule ugali wetu, na heshima. Mama alikuwa mtu wa Pweto, kwenye ziwa, na ndugu zake walimletea samaki wakavu ambao aliwauza mlangoni petu. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza.

Miaka ile hapakuwa na mtu asiye na kosa. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba kila Mzaire ni mwanachama wa Chama tangu tumboni mwa mama yake. Jumapili katekista alitufundisha kwamba kila binadamu ni mkosaji tangu tumboni mwa mama yake. Mimi mtoto nikaona ni jambo moja: kumbe kabla hujaliona jua, umeshaandikishwa mahali pawili bila kuulizwa. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji. Asiyekuja alikuwa na kosa, na aliyekuja akasimama kunyoosha mgongo alikuwa na kosa vilevile. Askari barabarani hakukuuliza kama una kosa, aliuliza lipi. Tulikua hivyo, shingo zimeinama kidogo, na wakubwa wetu waliona ni jambo la kawaida.

Sasa huyo kapita. Kapita kwetu ni msimamizi wa kikosi cha kazi, na huyu alikuwa kapita wa Baba. Nyumba yake ilikuwa mstari mmoja na yetu, upande wa bomba la maji. Tena ndiye aliyekuwa mkuu wa kikundi cha sala cha mtaa wetu, na hapo alikuwa na tabia moja iliyomfanya apendwe sana: alipenda kuwa mkosaji kuliko wote. Watu wakianza kusali, yeye alikuwa wa kwanza kupiga magoti na kusema kwamba yeye ni takataka, kwamba katika kambi nzima hakuna mchafu kama yeye. Machozi yalikuwa hayamchelewi. Wanawake walitikisa vichwa, wakasema angalieni unyenyekevu wa mtu mkubwa. Mama peke yake hakutikisa kichwa. Nilimsikia siku moja akimwambia Baba, huku anapanga samaki wake, "Huyu anajisifia zambi zake, na hataji hata moja."

Baba alimnyamazisha. Baba alikuwa mpole, na upole wake ulinipa hasira tangu utotoni, Mungu amrehemu.

Kisha ikaja siku ya ajali. Asubuhi hiyo Baba aliona pete moja ya mnyororo wa palani imepasuka. Haya ni maneno yake mwenyewe, na hakuyabadilisha hata siku moja mpaka alipokufa. Akamwendea kapita, akamwambia, "Baba kapita, huu munyororo umepasuka. Tusinyanyue nao."

Kapita akaja, akautazama, akaushika kwa mkono wake. "Wagoni inangojea," akasema, akionyesha behewa. "Nyanyua hii ya mwisho. Munyororo tutabadilisha kesho."

Wafanyakazi wawili walikuwa wamesimama hapo, karibu kabisa, na walisikia. Baba akanyanyua. Pete ikaachia, shaba ikaanguka, na mkono wa kuume wa Baba ukabaki chini yake. Hospitalini waliukata juu ya kiungo cha kiganja.

Basi ofisi ya kambi ikaita watu, ikauliza. Kapita akasema mfanyakazi alinyanyua mzigo bila kukagua mnyororo. Wale wawili wakasema hawakuona vizuri, walikuwa wamegeukia upande mwingine. Uamuzi ukatoka: kosa la mfanyakazi mwenyewe. Na hapa mnielewe, kwa sababu ndipo maisha yetu yaliponing'inia. Mtu aliyeumia kwa amri ya mkubwa wake alipewa kazi nyepesi, kama ya kulinda mlango, na alibaki katika nyumba ya kampuni. Mtu aliyeumia kwa kosa lake mwenyewe aliondolewa kazini na kutoka kambini yeye na watu wake wote. Neno moja tu la kapita, "Ni mimi niliyemtuma," lingetuacha nyumbani. Pengine lingemshusha yeye kutoka ukapita. Hilo ndilo alilokuwa analinda.

Baba angali kitandani hospitalini, katekista alikwenda kumtazama. Alikuwa mzee safi, shati limepigwa pasi, na sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya, lakini mtu asiye na nia mbaya anaweza kukuvunja mbavu vilevile. Mama na mimi tulikuwa tumekaa ukingoni mwa kitanda. Akamwambia Baba, "Ndugu, tafuta ndani ya roho yako. Mungu hapigi bule."

Baba akaanza kutafuta. Hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko ule mkono. Aliporudi nyumbani, alikaa uani kwenye kigoda, kitambaa cheupe kimezungushwa kwenye kigutu, akawa anachimbua maisha yake yote. Alikumbuka Misa aliyoikosa kwa sababu ya mvua. Alikumbuka pombe ya Noeli. Alikumbuka kwamba alikuwa amegombana na kaka yake huko kaskazini, kwenye kilio cha mama yao, na kwamba hakurudi kumtafuta. Kila alipopata jambo, alimwita Mama amweleze, na uso wake ulikuwa unapata nafuu kidogo, kwa sababu sasa alidhani amejua.

Mama alikuwa hapigi kelele. Alipokasirika alizungumza polepole, na sisi watoto tuliogopa zaidi. Siku ya ile habari ya pombe aliacha kusaga pilipili, akamkazia macho.

"Pombe ya Noeli njo ilipasua munyororo?" akauliza, yaani ndiyo iliyoupasua.

Baba akaanza kurekebisha kitambaa cha kigutu.

"Nauliza, Baba. Ama ni ile mvua? Maana nilidhani ni kapita."

"Mama, mbele ya Mungu hakuna mutu safi," Baba akasema.

"Sijauliza habari ya Mungu. Nimeuliza habari ya kapita."

Baba alikuwa amekwisha kumwendea kapita, tena kwa heshima zote, akiwa amevaa shati la Jumapili ambalo mimi nilimfungia vifungo. Alimwomba aende ofisini aseme yale aliyomwambia asubuhi ile. Kapita alimkaribisha, akampa kiti, akalia. Akamwambia, "Ndugu, tumwachie Mungu. Miye ni mukosaji kupita weye." Baba alirudi nyumbani akatueleza hivyo, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepewa kitu asichojua akiweke wapi. Mama akacheka, kicheko kibaya. Baba alikwenda kuomba mkate wa watoto wake, akapewa machozi ya mtu aliyeshiba.

Kwaresima ikafika katikati. Ofisi ikatuambia tutoke kabla ya Pasaka, kwa sababu nyumba ilikuwa inangojewa na mfanyakazi mwingine.

Kikundi chetu kilikuwa na desturi yake ambayo sijaiona penginepo. Kila mwaka, Jumatano kabla ya Pasaka, wanaume wakishatoka zamu ya asubuhi, watu walikusanyika uani kwa katekista. Katikati liliwekwa beseni kubwa la maji. Kwanza kila mmoja alizunguka, akamshika mwenzake bega na kumwambia, "Kama nilikukosea, unisamehe," na mwenzake akamjibu vilevile. Halafu walinawa mikono mmoja baada ya mwingine katika maji yale yale, bila kuyabadilisha, ili ionekane kwamba uchafu wa wote ni mmoja. Wa mwisho akishanawa, maji yalibebwa yakamwagwa njia panda, na siku ya Pasaka kikundi kizima kilikula pamoja. Sharti lilikuwa hili: mtu mmoja asiponawa, maji hayamwagwi, na maji yasipomwagwa hakuna kula pamoja.

Na beseni lilikuwa la Mama. Mnisikie vizuri, la Mama. Lilikuwa la bati lililopakwa rangi ya buluu, ukingo mweupe, alilinunua Mokambo kwa wafanyabiashara wa mpakani, na kambini hapakuwa na jingine la ukubwa ule. Mwaka mzima alilowekea samaki wake wakavu humo. Ikikaribia Pasaka alilisugua kwa jivu, akalisugua tena kwa majani ya ndimu, na bado harufu ilikuwa inabaki. Kwa hiyo kambi yetu ilitakaswa dhambi kwa maji yenye harufu ya samaki wa Pweto, na sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka tunafinywa. Mwaka ule Mama alilisugua kama kawaida. Nilimuuliza kwa nini analitoa, wakati wale watu wanatutoa nyumbani. Akaniambia anataka kumwona yule mtu akinyoosha mikono yake.

Siku hiyo katekista alihubiri habari ya Sheria. Alisema Mungu hakutupa Sheria ili tuitimize, maana hakuna awezaye. Alitupa ili vinywa vyetu vifungwe, asiwepo mtu wa kujitetea mbele yake, Myahudi wala mpagani, bwana wala mtumwa. Alieleza vizuri, sauti yake ilikuwa tamu. Sasa nimezeeka, na sisemi kwamba alidanganya. Nasema alikuwa amesimama mahali pabaya pa kusemea hayo, kwa sababu mbele yake alikuwa ameketi mtu mmoja asiye na mkono na mwingine aliyejua mkono ule ulikwenda wapi.

Watu wakaanza kuzunguka. Kapita akafika kwa Baba, macho yameshalowa. Akamwekea mkono begani, upande ule ule wa kigutu.

"Ndugu, kama nilikukosea, unisamehe. Miye ni mukosaji kupita weye."

Baba alikuwa anatazama chini. Nikaona midomo yake inaanza kutafuta lile jibu la kila mwaka. Kabla hajalitoa, Mama akasema kutoka nyuma ya kiti chake, "Ulimukosea nini?"

Kapita akajifanya hajasikia vizuri. "Mama?"

"Unaomba akusamehe. Nauliza unaomba kwa jambo gani. Litaje hapa mbele ya hawa batu, atakusamehe sasa hivi, na miye nitakusamehe, tunawe, tuende kula Pasaka yetu."

Kapita hakumtazama Mama, wala hakumtazama Baba. Aliwageukia watu, akafungua mikono. "Ndugu zangu," akasema, "nani hapa hana zambi?"

Hakuna, wakajibu. Hakuna, hakuna. Na waliojibu kwa sauti kubwa kupita wote ni wale wafanyakazi wawili waliosikia. Jamani, mtu akitaka kujua uoga unaimba kwa sauti gani, angekuwepo siku ile. Kila mmoja alikuwa anakubali kuwa na hatia ya kila kitu duniani ili asiulizwe habari ya mnyororo mmoja.

Katekista akaingilia. "Mama, nimetoka kusema sasa hivi. Sheria inafunga vinywa vyetu wote."

"Chake njo kimefungwa muzuri," Mama akasema, akimwonyesha kapita kwa kidevu.

Hapo Baba akasimama. Akatembea mpaka kwenye beseni, na watu wakapumua, wakadhani mambo yamekwisha, mume amemkata mke maneno. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilianza kumchukia. Akasimama juu ya maji, akayatazama muda mrefu.

"Kwa majuma haya yote nimetafuta," akasema. "Nimepata makosa mingi. Nimemukosea Mungu, nimemukosea kaka yangu, hata mama ya batoto nimemukosea. Mbele ya Mungu kinywa changu kimefungwa, sina cha kujitetea." Kisha akamgeukia kapita. "Mbele yako weye, kwa ule munyororo, sina kosa hata moja. Na weye unajua. Sinawi."

Akarudi akakaa. Sijampenda mtu yeyote maishani kama nilivyompenda Baba saa ile.

Walinawa wao. Kapita alikuwa wa kwanza, alizamisha mikono mpaka viwiko, akaisugua, akaikung'uta hewani watu wote wakiona. Wengine wakafuata. Tulibaki Baba na Mama na sisi watoto, na maji yakabaki katika beseni, yamekuwa ya kijivu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyamwaga.

Mngedhani kwamba baada ya hapo watu wangemuuliza kapita ni mnyororo gani. Aa, wapi. Walitugeukia sisi. Alhamisi nilikwenda kuchota maji bombani, mama mmoja akaivuta ndoo yake isigusane na yangu. Mwingine akasema, nami nasikia, kwamba familia moja yenye roho ngumu inazuia Pasaka ya watu wote. Shoga yake akauliza mtu aliyekwisha kukatwa mkono anang'ang'ania nini tena. Yaani mkono wetu, nyumba yetu, beseni letu, na bado wenye kosa tulikuwa sisi. Nilirudi na ndoo nusu, nikamwambia Mama, akaniambia nirudi nikaijaze.

Jioni ya siku ile, jua lingali juu, katekista alikuja. Alimwomba Baba anawe tu, kwa ajili ya umoja. Alisema mtu anayejihesabia haki yuko katika hatari kuu mbele ya Mungu.

Baba akamjibu kwa utaratibu kabisa. "Mungu akiniita, nitakwenda, nitapiga magoti, sitafungua kinywa. Lakini ofisi ya kambi siyo Mungu, na Baba kapita siyo Mungu. Munatumia hatia yangu kwa Mungu kulipa ya mutu mwingine kwa ofisi." Katekista alikaa kidogo, akanywa maji aliyopewa, akaaga. Nadhani alielewa, na kuelewa kwake hakukutusaidia kitu.

Ijumaa tulikuwa tunafunga vyombo. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye tuta la matembele, anachuma majani kwa mkono mmoja, nami nilikuwa nashikilia kikapu. Kapita akatokea kwa nyuma, kupitia vyooni, mahali ambapo wageni hawapiti. Hakuwa na machozi siku hiyo. Mara ya kwanza nilimwona ana uso wa kawaida.

"Ni miye nilikutuma," akasema kwa sauti ya chini. "Uliniambia, na niliona. Najua."

Baba akaweka majani kikapuni. "Asante," akasema. "Sasa nenda useme vile kwa shefu, mukubwa wa kambi. Ofisi inafunguliwa kesho asubuhi, mbele ya salongo kuanza."

"Niko na batoto," kapita akasema.

Baba akanishika kichwa. "Na huyu ni nani?"

Kapita alinitazama, kisha akatazama matembele. Akaondoka kwa njia ile ile aliyojia. Miaka mingi watu wamenishauri nihesabu maneno yale aliyoyasema pale nyuma, kwamba kumbe aliungama. Sihesabu. Aliungama mahali ambapo maneno yake hayakuweza kutufaa kitu, akaenda zake akiwa mwepesi.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ukaja kutuchukua. Ofisini kapita hakwenda, tulimwona mapema na panga mkononi akiwagawia wanaume sehemu za mfereji. Ilikuwa salongo, kwa hiyo kambi nzima ilikuwa nje, wanaume na majembe, wanawake na mifagio. Vitanda na masufuria yakapakiwa. Mwenye mkokoteni akauliza kama ndivyo vyote. Mama akasema kimebaki kimoja.

Alikwenda uani kwa katekista. Mimi nilimfuata. Beseni lilikuwa pale pale, maji yametulia, jani moja linaelea, mbu wamekufa juu yake. Mke wa katekista alitoka, akamwona, akarudi ndani. Mama akajitwika, mimi nikamsaidia kuinua, naye akapita katikati ya kambi, hatua kwa hatua, shingo imenyooka, maji ya dhambi za watu wote yakiwa juu ya kichwa chake. Majembe yakaanza kunyamaza alikopita. Baba alikuwa amesimama kando ya mkokoteni, hakumzuia.

Akafika mbele ya kapita, akaliteremsha beseni miguuni pake. Maji kidogo yakaruka yakalowesha viatu vyake.

"Nawa," Mama akasema.

Kapita akatazama huku na huku. Akatabasamu, lile tabasamu la kikundi cha sala. "Ni vizuri, Mama. Ngoja niwaite bandugu, tunawe wote."

"Wote wamekwisha kunawa. Nawa peke yako."

Nami nataka mtoto wa mdogo wangu, na dini yake yote, anisikilize hapa. Mtu yule Jumatano alizamisha mikono mpaka viwiko. Maji yalikuwa yale yale, beseni lile lile, watu wale wale. Jumamosi alisimama, panga likaanguka chini, na mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo. Niliiona kwa upande wangu, ilikuwa imeshikana, moja inaifinya nyingine. Mama alimngojea. Wale wafanyakazi wawili walikuwa mferejini, wameinama, wanakwangua mahali palipokwisha kusafishwa. Hakuna aliyesema sisi sote ni wakosaji, na katekista alikuwa hapo hapo na mfagio wake.

Alipoona imetosha, Mama aliinamisha beseni, akayamwaga maji mferejini, pamoja na takataka nyingine za salongo. Akalipangusa kwa ncha ya kitenge. Akaweka sahani zetu ndani, akalipandisha juu ya mkokoteni, tukatoka kambini kwenda kutafuta chumba cha kupanga mtaani Katuba. Baba alitembea nyuma, akiusukuma mkokoteni kwa mkono wake mmoja, na sikumwona akiinamisha kichwa.

Kesho yake ilikuwa Pasaka. Jirani mmoja alikuja kutusalimu baada ya sikukuu, akatusimulia kwamba kikundi kilikula pamoja kama kila mwaka. Alfajiri walikuwa wametafuta beseni jingine, la kuazima, wakatia maji mapya, wakanawa tena wote. Kapita alikuwa wa kwanza.